Pindua Kiti Kwanza

Kwetu Lubumbashi, kiti cha pikipiki ya zamani kikibadilisha mwenye mali mara mbili kinakuwa "cha Mzungu." Kikibadilisha mara ya tatu kinakuwa "cha BMW," na bei inapanda papo hapo. Sidhani kuna anayedanganya kwa makusudi. Kila mmoja anatia chumvi kidogo tu, kisha anampokeza mwenzake. Sokoni Kenya (nasema komini yetu ya Kenya, ndugu wa Nairobi msishtuke) nimeonyeshwa tandiko la ngozi la Kiingereza likiuzwa kwa jina la Kijerumani, na sanduku la plastiki la juzijuzi likiitwa "la wakati wa Union Minière," kampuni ya madini ya enzi ya Wabelgiji. Muuzaji alikuwa anakipangusa kiti upande wa juu. Upande wa chini, ambako kuna kila kitu ninachotaka kujua, ulikuwa umejaa matope.

Pikipiki yenyewe ina namba kwenye fremu na kwenye injini, na mtu mvumilivu ataifuata namba hiyo hadi mwaka na kiwanda. Kiti cha kununua pembeni hakina bahati hiyo. Mtu alinunua pikipiki yake, akaipanda majuma machache, mgongo ukakataa, akaenda dukani kuchukua kiti kingine cha kiwanda ambacho hakikuwahi kutengeneza hata pikipiki moja. Mikoba ya pembeni ni vilevile: mwenye safari aliinunua baadaye, akaifunga mwenyewe. Ankara ilitupwa, kibandiko kikafutwa na jua na makalio. Ndiyo maana watu wengi wakishajua pikipiki ni Saroléa ya Ubelgiji wanaona kesi imekwisha, eti na kiti ni cha Saroléa. Hapana. Kiti kina safari yake.

Na safari za mji huu zinajulikana, kwa kuwa ni mji wa reli. Reli kutoka kusini ilifika hapa 1910, mwaka uleule Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, ilipoanza kujengwa, ikitokea huko Cape na kupita Bulawayo na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Njia ya ndani ya Kongo, Bukama hadi Port-Francqui (Ilebo ya leo), ilikamilika 1928, mizigo ikiendelea kwa meli za mto. Ile ya Benguela, kwenda bandari ya Lobito upande wa Angola, iliunganishwa na mkoa wetu wa Katanga 1931. Maana yake ni kwamba mji ulitawaliwa na Wabelgiji lakini tangu siku ya kwanza mlango wake wa kusini ulielekea kwa Waingereza. Pikipiki za FN, Saroléa na Gillet, zote tatu za Herstal karibu na Liège, Ubelgiji, zingeweza kukaliwa na tandiko la Birmingham, Uingereza, bila mtu yeyote kushangaa. Ukiona mchanganyiko huo usiseme mara moja kwamba kuna aliyechakachua. Huenda umefungwa hivyo tangu pikipiki ilipokuwa mpya.

Milango hiyo pia ilifungwa, na tarehe za kufungwa zinasaidia kuliko za kufunguliwa. Novemba 1973 serikali ya Mobutu ilitangaza Zaïrianisation, na maduka mengi ya wageni yakakabidhiwa wenyeji. Mengi hayakuendelea kuagiza kama zamani. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaikata reli ya Benguela. Kwa hiyo nikiletewa kiti cha Ulaya chenye umbo la mwisho wa miaka ya 1970, kizima, bila kiraka, nauliza kwanza kilikuja na nani. Mara nyingi jibu ni misheni, au mradi wa mgeni fulani, au kontena la mitumba la juzi. Kilichokuwa hapa tangu zamani hakikubaki kizima. Kilishonwa, kikashonwa tena.

Tuanze na matandiko ya mtu mmoja, yale ya kabla ya viti virefu. Yana pua mbele, yamefungwa kwa boliti moja puani na springi mbili nyuma. Birmingham ndiyo iliyokuwa nyumba yake kubwa: Brooks, iliyoanzishwa na John Boultbee Brooks mwaka 1866, na Lycett, ambayo jina lake hugongwa kwenye kibati kidogo cha nyuma. Redditch, si mbali na hapo, walikuwapo Herbert Terry na wanawe, watu wa springi hasa. Hao hao ndio waliotengeneza ile taa ya mezani inayojikunja, Anglepoise. Tandiko lao ukilipindua unaona springi nyingi nyembamba zimetandazwa kutoka mbele hadi nyuma, siyo turubai lililowambwa. Dunlop nao walikuwa na tandiko lao la mpira. Wajerumani walipenda sana mpira pia, na Pagusa ndilo jina linaloonekana zaidi kwenye matandiko ya aina hiyo.

Kibati cha jina kisikutie wazimu. Kinang'olewa kwa bisibisi na kubandikwa popote, na siku hizi kuna wanaovitafuta vibati peke yake. Angalia matundu. Kiwanda kilitoboa matundu mawili kwa mashine, yakalingana, na kutu ya pembezoni mwake ni ya umri uleule na kutu ya sahani, lile bati la chini la kiti. Tundu lenye kingo zinazong'aa, au tundu la tatu lisilo na kazi, ni dalili kwamba kibati kimehamia.

Kuna hadithi moja ya mjini ambayo lazima niiseme: kwamba ribiti za shaba kwenye matandiko ya Kiingereza ni shaba ya Katanga iliyorudi nyumbani. Ni hadithi tamu, na mara zote inasimuliwa wakati wa kutaja bei. Shaba haina pasipoti. Ikishayeyushwa imeyeyushwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiti kirefu cha watu wawili kilishika soko. Kampuni ya Kiingereza Feridax ilikuwa ikiuza kiti cha namna hiyo chenye sponji ya Dunlopillo, kwa pikipiki za chapa mbalimbali, mwenye nacho akitafuta namna ya kukifunga. Sponji hiyo ni utomvu halisi wa mpira uliopigwa povu kisha ukapikwa, kazi iliyobuniwa na watu wa Dunlop mwaka 1929. Jina la Dunlop linanipa kigugumizi kidogo hapa Kongo, kwa sababu tairi la upepo la 1888 ndilo lililoifanya dunia iwe na njaa ya mpira, na tunajua nani alilipa njaa hiyo wakati wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Lakini turudi kwenye sponji. Ya mpira halisi ina vitundu vingi vilivyonyooka kutoka chini kwenda juu, alama za misumari ya kalibu. Ikizeeka inakuwa ngumu kama mkate wa wiki iliyopita na kumwaga unga. Ya kemikali, polyurethane, iliyoenea baadaye, haina vitundu hivyo, inageuka njano na kuvunjika makombo yanayonata vidoleni. Kwa kidole tu unaweza kutenganisha sponji hizo mbili, ilimradi uwe umefika kwenye sponji ya kiwanda na si godoro la mtu.

Nitasimulia kiti kimoja nilichokifungua kwa ruhusa ya mwenyewe. Juu kilikuwa na skai (ngozi ya bandia) nyeusi yenye mistari miwili myeupe pembeni, rangi za timu ya Mazembe, kazi ya karibuni. Chini ya skai hiyo kulikuwa na skai nyingine, ya kahawia, nene, aina inayofunika viti vya lori. Chini yake gunia la unga wa mahindi la Zambia, maandishi bado yanasomeka. Kisha sponji ya godoro, tabaka mbili zilizogandishwa kwa gundi ya viatu. Kisha, mbele tu kwenye pua, kipande cha upana wa kiganja cha sponji ya mpira chenye vitundu vyake, kigumu, kimeachwa kwa sababu fundi hakuona haja ya kukitoa. Sahani ya chini ilikuwa ya chuma cha kukandamizwa, na ukingoni mwake vimeno vya kushikia kitambaa vilivyokunjwa kuelekea ndani. Nusu ya vimeno ilikuwa imekatika, na mahali pake pametobolewa na kushonwa kwa uzi wa nailoni uliochomolewa kwenye tairi. Nyuma, palipooza kwa kutu, palikuwa pamezibwa kwa kipande cha mkanda wa mgodini, ule unaobeba mawe. Kilikuwa kizito ajabu. Kiwanda cha asili kilikuwa kimebaki kwenye sahani, na kwenye kile kipande cha pua.

Nilikipeleka Kamalondo kwa mzee mmoja anayeshona viti tangu ujana wake. Nikamuuliza, "Papa, hii kiti ilitokaka wapi?" Akakipindua kabla hata sijamaliza.

"Mifupa ni ya bazungu, mwanangu. Nyama ni ya huku."

Akanionyesha mshono wa uzi wa tairi. Fundi aliyeshona vile, alisema, alikuwa mtu wa viatu, kwa sababu kila baada ya kushona kidogo alirudi nyuma mara moja na kufunga. Mshona viti hafanyi hivyo, anachelewa bure. Mimi nilikuwa nimeutazama mshono huo muda mrefu bila kuona chochote.

Mifupa basi ilikuwa ya nani? Hapo ndipo boliti inaposema zaidi kuliko kibati. Ilikuwa imebaki moja ya kushikia bawaba, unene wake kama milimita nane. Chukua nati ya milimita nane ya TVS au Boxer yoyote, zimejaa kila kona ya mji. Kwenye boliti ya Kijerumani, Kibelgiji au Kijapani inaingia hadi mwisho kwa vidole. Kwenye boliti ya Kiingereza ya inchi 5/16 inaingia mizunguko michache kisha inakwama, kwa kuwa hesi zake, zile nyuzi zinazozunguka boliti, ni 18 kwa inchi na hazilingani na zetu za milimita 1.25. Usiilazimishe kwa spana, utaua ushahidi. Pikipiki na baiskeli za Kiingereza zilikuwa pia na hesi nyembamba zaidi, 26 kwa inchi, na hiyo ukiikuta huna haja ya kuuliza zaidi. Nati yangu ilikwama. Kiti kilikuwa cha Kiingereza, au walau kilifungwa na mtu mwenye ndoo ya boliti za Kiingereza, jambo ambalo katika mji uliopakana na Rhodesia haliwezi kupuuzwa. Kwa hiyo boliti moja haitoshi. Natafuta ile iliyochomelewa kwenye sahani yenyewe.

Mjerumani na Mjapani wote wanatumia milimita, lakini kichwa kinawatenga. Boliti ya milimita nane ya Kijerumani ya zamani inafunguliwa kwa spana ya 13, ya Kijapani kwa 12. Ya milimita kumi: 17 kwa Mjerumani, 14 kwa Mjapani. Mafundi wa teksi-moto (bodaboda), hawa tunaowaita manseba na watu wao, wanajua hilo kwa mkono bila kuambiwa, maana ndiyo mkono unaotafuta spana gizani.

Baada ya boliti nasoma maandishi madogo, kama yapo. Herufi D.R.P. au D.R.G.M. ni za hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) na usajili wa Ujerumani wa kabla ya kushindwa 1945. DBP na DBGM ni za Ujerumani Magharibi, iliyoundwa 1949. "Made in West Germany" haiwezi kuwa ya baada ya muungano wa 1990, isipokuwa kwa mabaki ya stoo. "Breveté S.G.D.G." ni ya Kifaransa: imepewa hataza, lakini serikali haidhamini kwamba kitu hicho kinafaa kitu. Ufaransa iliiacha kauli hiyo 1968. Namba ya hataza ya Uingereza yenye tarakimu sita ikianza na 7 inatupeleka miaka ya 1950, na namba hiyo unaweza kuiandika kwenye simu, kwenye Espacenet, hifadhi ya hataza ya mtandaoni, ukaona mchoro wa kitu ulichokishika mkononi. Mara ya kwanza nilipoona mchoro wa bawaba ileile, na skrubu zake zimepewa namba, nilisahau chai mezani. Kuna pia alama ya KBA, ofisi ya Flensburg iliyoundwa 1951 kuidhinisha vyombo vya barabarani Ujerumani. Kiti au kifaa chenye namba yake kilipitia kwao.

Kuhusu "cha BMW": kiti chenye jina Denfeld, la Bad Homburg, kinaweza kweli kuwa kimetoka kwenye BMW, kwa kuwa Denfeld waliwashonea. Lakini waliuza viti kwa chapa nyingine za Kijerumani pia. Jina hilo linathibitisha Bad Homburg, haliithibitishi BMW. Waitaliano, Giuliari na wenzake, walitia bidii zaidi kwenye viti vya mbio na vile vya kujionyesha, na hapa ni adimu. Wamarekani ni adimu zaidi: Bates wa Long Beach, Mike Corbin aliyeanzia Connecticut kabla ya kuhamia Hollister, Craig Vetter wa Illinois na mikoba yake ya kulingana na kioo kikubwa cha mbele. Nikisikia kuna kiti cha Corbin cha miaka ya 1970 Lubumbashi, nitakwenda kukiona, lakini sitabeba pesa.

Mikoba ina mambo yake. Ya zamani kabisa ni ya ngozi au turubai, na mingi ni ya jeshi. Iliyobaki kwetu imeliwa na panya na mchwa, tusipoteze muda. Ya Kiingereza iliyofuata ni ya Ken na Mollie Craven, mume na mke waliopenda safari za mbali na kutengeneza masanduku ya fibaglasi ya kufungwa juu ya fremu ya mabomba. Ingiza mkono ndani ya sanduku la fibaglasi iliyotandazwa kwa mkono: unahisi nyuzi zinachoma, na ukimulika tochi unaona msuko wa kitambaa. Nje ni laini, ndani ni porini. Ya plastiki ya kalibu ni laini pande zote mbili. Hiyo ndiyo njia ya Michael Krauser wa Mering, Bavaria, ambaye katika miaka ya 1970 masanduku yake ya kufungua na kuondoka nayo yalipendwa kiasi kwamba BMW waliyauza kwa nembo yao wenyewe. Hepco & Becker wa Pirmasens ni wa njia hiyo hiyo. Na GIVI, ambao visanduku vya nyuma vya kuiga vyao vimejaa barabarani kwetu, ni wa 1978, kazi ya Giuseppe Visenzi, mkimbiza pikipiki wa Italia aliyeshika nafasi ya tatu ya dunia katika cc 350 mwaka 1969.

Kwenye plastiki kuna kitu kizuri ambacho wauzaji wengi hawakijui: ndani, karibu na bawaba, tafuta duara dogo kama saa, lenye namba 1 hadi 12, mshale, na tarakimu mbili katikati. Ni mwezi na mwaka wa kipande chenyewe kutoka kwenye kalibu. Lile sanduku "la Union Minière" la sokoni lilikuwa na duara hilo. Lilisema 94. Union Minière ilikuwa imetaifishwa tangu 1967, na baadaye ikawa Gécamines. Muuzaji alitazama duara, akanitazama, akasema huenda ni namba ya kiwanda. Tuliachana kwa amani.

Kuna mzozo mmoja nina upande wake. Wanunuzi wa mbali, na sasa hata wa hapa, wanataka kiti "kirudi asili": vua kila kilichoshonwa huku, agiza kitambaa kipya cha mfano wa kiwanda, kibati kipya cha mfano wa kibati. Wakimaliza wana kiti ambacho sahani peke yake ni ya zamani, nao wanakiita halisi. Mimi ningekiita kipya. Yule mtu wa viatu na uzi wake wa tairi alikiweka kiti barabarani wakati Birmingham ilikuwa imeshasahau kwamba iliwahi kukiuza. Ukilazimika kuvua, piga picha kila tabaka kwenye mwanga wa jua, pima, weka vipande kwenye mfuko wenye jina. Gunia la unga lina mwaka wake. Skai ya lori ina mwaka wake.

Na kuna vitu ambavyo havikutoka Ulaya hata kidogo, lakini kila mtu anavitafutia kiwanda cha Ulaya. Nina masanduku mawili ya bati la alumini, ya kufunga pembeni mwa pikipiki, hayana jina wala namba. Wapenzi wa pikipiki wa ng'ambo niliowatumia picha walisema ya Kijerumani, labda ya jeshi. Boliti zilikuwa za kila aina, za Kiingereza na za milimita, upande mmoja. Hakuna kiwanda kinachofanya hivyo. Karakana yenye ndoo ya boliti ndiyo inayofanya hivyo. Niliyapeleka Likasi, mji wa migodi kama ulivyo Kipushi, kwa mstaafu aliyefanya kazi ya mabati ya mgodi maisha yake yote. Hakuangalia boliti. Alishika kona ya sanduku la kwanza, akapitisha kidole gumba kwenye mkunjo, akataja karakana, akataja na mkuu wa zamu aliyewalazimisha kukunja kona vile ili maji yasiingie, na akaanza kulalamika juu ya mkuu huyo kana kwamba ni jana.

Sanduku la pili, ambalo kona zake zimekatwa na kuunganishwa kwa ribiti, alilirudisha mezani. "Hili si letu," alisema. "Uliza Kipushi."